Usiache Kusukuma

Mtu aliyepima watoto kila siku kwa miaka kumi na mmoja hahitaji tena mizani. Pale kliniki alipofanya kazi, shangazi yake Kidoti aliitwa Bi Mizani, na wauguzi wenzake walizoea kumtania kwa kumbandika mtoto mikononi kabla hajapimwa. "Haya, sema!" Naye angemtikisa kidogo, angeangalia dari, kisha angetamka, "Saba na robo. Lakini nepi imelowa, toa gramu mia." Ukija kusoma mizani, ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo Jumamosi ile, saa nne asubuhi, jua limetulia na bustani imejaa watoto, ni yeye peke yake ambaye angeweza kugundua kwamba bembea ilikuwa inarudi nzito kuliko ilivyokwenda.

Ilikuwa mara ya kwanza wifi yake kumwachia mtoto. Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa alama nyeusi iliyokaa kidevuni, alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na mama yake alimpata kwa tabu baada ya kukata tamaa. Tangu hapo hakumwamini mtu. Ruhusa ya kwenda bustanini iliombwa mwezi mzima, na ilipotoka ilitoka na masharti: kofia isivuliwe, maji kila nusu saa, kitu cha kununua asipewe, mkono usiachwe hata dakika moja.

"Wifi, mimi kazi yangu ni watoto," Shangazi alisema akicheka.

"Wale ni wa kupima. Huyu ni wa kwangu."

Shangazi akamvalisha mtoto kofia. Maneno mengine mtu huyameza tu, yakashuka na mate.

Na bustani yenyewe haikuwa na la kulaumiwa. Uzio mzima, geti la komeo la juu ambalo mkono wa mtoto haufiki, mchanga laini chini ya michezo yote. Kulikuwa na bembea tatu zilizopakwa rangi mpya ya manjano, kila moja ina kiti kama kikapu chenye matundu mawili ya kupitishia miguu na mkanda wa kufunga kiunoni. Shangazi alikagua minyororo. Akavuta mkanda mara mbili. Akamkalisha Kidoti kwenye bembea ya mwisho, karibu na ua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kivuli.

Akasukuma. Kilo kumi na mbili na nusu zikaenda, kilo kumi na mbili na nusu zikarudi.

"Tena!" Kidoti akapiga kelele za furaha. "Tena, Sangazi!"

Baada ya kama dakika tano, bembea ikarudi na kilo kumi na tatu. Shangazi akadhani amesimama vibaya. Akasogea. Kumi na tano. Kumi na nane. Akatazama juu aone kama mnyororo umekwama, haukuwa umekwama. Mikono yake ikaanza kuzama kila bembea ilipofika, kama mtu anayepokea gunia. Na Kidoti, ambaye mwanzo alikuwa anatazama mbele, sasa aligeuza shingo akawa anacheka na kitu kilichokuwa ubavuni pake ndani ya kiti kile kile.

"Unamchekea nani, mama?"

"Ntoto," alisema Kidoti.

Shangazi akashika kiti kwa mikono miwili, akaisimamisha bembea.

Kicheko kikakatika. Akazunguka mbele haraka. Macho ya Kidoti yalikuwa wazi, mdomo wazi, na kifua kimetulia tuli. Akaweka kiganja: hakuna pumzi. Midomo ilikuwa inabadilika rangi mbele ya macho yake. Akafungua mkanda kwa vidole vilivyojua kazi yao, akamshika makwapani, akavuta, na mtoto hakutoka, akavuta tena kwa nguvu zake zote, na ilikuwa kama kung'oa mti, miguu midogo imeshikwa huko chini ya kiti na kitu asichokiona, na wakati huo huo akasikia, kutoka chini ya mchanga aliokuwa amesimama juu yake, mtoto mwingine akianza kulia.

Alipovuta mara ya tatu, bembea ikayumba. Kidoti akavuta pumzi ndefu, rangi ikarudi, akacheka. Kilio cha chini kikanyamaza.

"Tena!"

Ikayumba, ikapungua, ikakaribia kutulia. Kilio kikaanza upya, na midomo ya Kidoti ikaanza kugeuka.

Shangazi akarudi nyuma ya bembea, akasukuma.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba amefungwa. Hakukuwa na kamba wala kufuli. Watu walikuwa hatua kumi kutoka pale, mabenchi yamejaa, na mtu yeyote aliyetazama upande ule aliona shangazi na mtoto wakifurahia Jumamosi yao.

"Jamani, nisaidieni!"

Baba mmoja aliyembeba mwanawe mabegani alikuja. Shangazi akajaribu kueleza, maneno yakatoka yamevurugika: asimamishe, hapana asisimamishe, amtoe mtoto, lakini bembea isitulie. Yule baba akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akaishika bembea ikasimama. Shangazi akaona kidevu cha Kidoti kikilegea, akamrukia yule mwanamume, akamsukuma kifuani kwa viwiko, akaisukuma bembea huku akipiga yowe lililogeuza vichwa vya bustani nzima.

"Dada, una nini?" Yule baba alirudi nyuma akimkinga mwanawe. "Mtoto anacheka, wewe unalia nini?"

Kweli, Kidoti alikuwa anacheka.

Wazazi wakaanza kuita watoto wao. Hakuna aliyesema neno la ubaya. Walisogea tu, wakahamia upande wa pili kwenye ubao wa kuteleza, wakawa wanamtazama kwa pembeni. Chini ya benchi, ndani ya mkoba ambao hakuweza kuufikia, simu ikalia. Ikakata. Ikalia tena. Alijua ni nani.

Saa tano ikapita. Saa sita jua likahama, kivuli kikaondoka, na sasa jasho lilimwingia machoni naye hakuwa na mkono wa kulipangusa. Harufu ikaanza kupanda kutoka mchangani, harufu ya nguo za mtoto zilizoloanishwa zikasahaulika ndooni, na maziwa yaliyochacha, na chumba kilichofungwa madirisha siku nyingi. Mabega yalimuuma kwanza, kisha yakaacha kuuma, jambo ambalo kama muuguzi alijua ni baya zaidi. Akawa anahesabu. Kila akifika mia anaanza upya, na kila akianza upya anajiambia kwamba mikono ya binadamu ina mwisho, na kwamba mwisho huo ukifika atakuwa amesimama hapa hapa, kwenye mchanga laini, ndani ya uzio mzuri, akimtazama mtoto wa kaka yake akizimika taratibu kama taa iliyokwisha mafuta.

"Usiache, mwanangu. Usiache kusukuma."

Sauti ilitoka nyuma yake, ya chini sana. Alikuwa bibi mfagiaji wa bustani, mwembamba, ufagio mrefu mkononi, macho yamemtoka.

"Unajua hii ni nini?" Shangazi alinong'ona.

"Naijua. Sema polepole, anasikia." Bibi alisogea karibu. "Miaka sita iliyopita nilisimama hapo uliposimama. Na mjukuu wangu. Bembea ikawa nzito, nikadhani ni uzee. Nikasema ngoja nipumzike kidogo." Akaushika ufagio kwa mikono miwili. "Daktari alisema ni moyo."

"Na mkaiacha hapa?"

"Ningemwambia nani akaniamini? Niliomba kazi ya kufagia. Kila asubuhi naifunga kamba, naiwekea kibao, *Imeharibika*. Wiki hii nimelala siku tatu na homa. Wamekuja mafundi wa rangi, wakafungua kila kitu." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. "Nimerudi kazini mchana huu. Nimekuta ndio hivi."

"Bibi, mikono yangu inakwisha."

"Kuna fundi wa funguo hapo nje ya geti. Ana kisomo cha majini. Vumilia." Akatupa ufagio, akakimbia kwa jinsi magoti yake yalivyomruhusu.

Fundi wa funguo alikuja na miwani yake ya kazi paji la usoni na vumbi la shaba vidoleni. Hakuuliza maswali. Alipiga magoti mchangani, akafumba macho, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na bembea ikaanza kutetemeka katikati ya mwendo wake.

Kidoti akaacha kucheka. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya mwanamume, nzito, iliyochoka, sauti ya mtu ambaye hajalala muda mrefu.

"Usijisumbue, fundi. Hayo niliyajua kabla babu yako hajazaliwa."

Fundi hakuinuka. "Unataka nini kwa mtoto huyu?"

"Kwake sitaki kitu. Namshikilia tu ili huyu mama asiondoke." Bembea ikaenda, ikarudi. "Mlikuja mkachimbia nguzo zenu katikati ya nyumba yangu, nikanyamaza. Mkaleta watoto, nikanyamaza. Siku moja akaja mmoja mwenye kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Nikakipenda. Nikamchukua."

Bibi mfagiaji alishika nguzo.

"Hakucheka tena," sauti ikaendelea. "Analia. Mchana analia, usiku analia. Miaka yote hii sijafumba jicho. Hanyamazi ila akisukumwa, na mimi mikono ya kusukuma kitu chenu cha chuma sina."

"Basi mrudishe!" Shangazi alisema kwa hasira iliyomshangaza mwenyewe.

"Nimrudishe wapi? Mwili mliufukia."

 Mnyororo tu ndio uliolia, kwenda na kurudi. Shangazi alikuwa anatazama mikono yake, na kazi yake ya miaka kumi na mmoja ikazungumza kabla yeye hajafikiri.

"Kuna wawili humu," alisema. "Wangu ni kumi na mbili na nusu. Wa pili ni kumi na nne hivi."

"Na robo," alisema bibi mfagiaji.

Fundi wa funguo akamgeukia.

"Kumi na nne na robo. Tulimpima wiki ile ile." Uso wa bibi ulikuwa umekunjamana kama nguo inayokamuliwa. "Nimekuwa nikisikia mtoto analia hapa kila siku ya Mungu. Nikasema ni uchungu wangu tu, uchungu una masikio yake. Sikuwahi kuigusa tena bembea hii. Sikuthubutu." Akainama kuelekea kiti. "Analiaje?"

"Anaita Bibi," ile sauti ikajibu.

Hakuna aliyemzuia. Alikuja akasimama ubavuni mwa Shangazi, akaweka viganja vyake vyenye sugu za ufagio kando ya viganja vya Shangazi, na bembea iliporudi waliipokea pamoja. Bibi akaguna, kama mtu aliyepokea kitu alichokijua.

"Ndiye," alisema. "Toa mikono yako, mwanangu. Toa."

"Bibi, ukishika hutaweza kuacha."

"Nilimwacha mara moja."

Shangazi akatoa mikono. Bembea ikaendelea, kwenda na kurudi, chini ya mikono ile ya kikongwe. Na mdomo wa Kidoti ukasema, kwa sauti ya mtu anayepiga mwayo, "Chukua wako."

Shangazi alizunguka mbele. Akangoja bembea ifike juu, pale inapositasita kabla ya kurudi, akamshika Kidoti makwapani, na mtoto akatoka wepesi kama punje ikitoka kwenye ganda. Akaanguka naye mchangani. Kidoti akaanza kulia, kilio chake mwenyewe, cha hasira na njaa, na Shangazi hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Alipoinua kichwa, kiti cha bembea kilikuwa kitupu. Minyororo ilikuwa imekaza, imenyooka kama uzi wa timazi. Bibi mfagiaji alikuwa anasukuma huku anaimba kitu cha kubembelezea, bila maneno, kwa kuguna tu.

"Nenda," fundi wa funguo alimwambia. "Mimi nitakaa naye."

Nyumbani wifi alikuwa amesimama mlangoni. Simu ilikuwa na miito kumi na saba. Alimnyakua mtoto, akamgeuzageuza, akampapasa toka utosini hadi unyayoni, kisha akasikiliza habari yote bila kukatiza hata mara moja. Ilipokwisha alisema, "Usimguse tena mwanangu," akafunga mlango. Kaka yake Shangazi alikuwa ndani, na hakutoka.

Wiki tatu zikapita. Shangazi alikwenda kazini na mabega yaliyofungwa bandeji, akapima watoto, akarudi. Hakuna aliyempigia simu. Kisha Jumapili moja asubuhi akaitwa kwa kaka yake, haraka. Alipofika alimkuta bibi mfagiaji ameketi sebuleni, kwenye kiti cha wageni, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Niliulizia nyumbani kwako, wakanielekeza huku," bibi alisema. "Nisamehe. Bega limetoka."

Alieleza kwamba alisukuma siku ile mpaka jua likazama, ndipo kilio kikawa kwikwi, na kwikwi ikawa kimya. Mtoto alilala. Tangu hapo anakwenda kila alfajiri kabla geti halijafunguliwa, anambembeleza saa nzima, na siku hiyo nzima bustani inakuwa salama. Watoto wa watu wanacheza, hakuna anayejua. Siku mbili hizi ameshindwa, na jana jioni fundi wa funguo alisikia kilio akiwa nje ya geti.

"Ing'oeni," Shangazi alisema. "Nendeni kwa wakubwa wa bustani, waing'oe kabisa."

"Fundi alimuuliza yule wa chini. Alisema bembea ikiondoka, atakwenda kutafuta mikono majumbani. Kokote atakakosikia mtoto anacheka." Bibi akatazama sakafu. "Wewe mkono wako mtoto ameshauzoea. Sina mwingine wa kumwomba."

Shangazi alifungua mdomo kusema hapana. Alikuwa na sababu zote. Ndipo alipomwona wifi yake amesimama kwenye mlango wa chumbani, Kidoti amelala begani. Hakujua amesimama pale tangu lini.

"Alikuwa na umri gani?" wifi aliuliza.

"Miaka mitatu kasoro," bibi alisema.

 Wifi alimbadilisha mtoto bega, akampigapiga mgongoni ingawa alikuwa amelala. "Saa ngapi mtu anatakiwa awe pale?"

"Kumi na mbili kasoro robo."

"Wifi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile, "wewe anza kesho, kwa sababu unaijua. Mimi nitakuja kujifunza."

Kesho yake Shangazi alipitia kwenye kijigeti cha wafanyakazi, bibi akimwangazia kwa tochi. Mbingu ilikuwa ya kijivu, umande umelowesha mchanga. Kilio alikisikia kabla hajafika. Akasimama nyuma ya kiti kitupu, akapumua, akasukuma, na kiti kikaenda chepesi, kikarudi na mtoto wa watu. Akapokea. Akasukuma. Hakutazama kando, hakutazama chini. Kilio kikapungua kidogo kidogo, kikawa kama cha mtoto yeyote anayepigana na usingizi, na mwisho kikakatika.

Kisha, chini kabisa ya miguu yake, mtu mzima akaanza kukoroma.

 Mkoromo ulipanda kupitia mchangani, ukapita kwenye nyayo, ukatulia kwenye magoti, taratibu, wa mtu aliyeshiba usingizi. Shangazi hakujua kama aache sasa au aendelee, kama wa kumwogopa akiamka ni mtoto au ni huyo mwingine, na kwa kutojua akaendelea kusukuma, kwenda na kurudi, hadi mbingu ikapambazuka na mikono ikafa ganzi.

Mkono ukamgusa begani. Alikuwa wifi, amevaa viatu vya raba na koti la mumewe.

"Amelala?" alinong'ona.

"Wamelala wote wawili."

Wifi alisikiliza.  Kisha akavua koti, akalitupa kwenye benchi, akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega, viganja mbele.

"Haya, toka," alisema. "Utachelewa kazini. Nionyeshe nishike wapi."